Raymond Yarnold na mstari wa kumi na tano

Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri, karatasi ya foili inachakarika jikoni. Glenys Yarnold anafunga mikate ya jibini na kitunguu polepole, akidhani mumewe bado amelala. Hajalala. Raymond ameketi ukingoni mwa kitanda ghorofani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na amekaa hivyo kwa robo saa nzima.

"Baba, unashuka au nikuletee chai huko huko?" Glenys anaita kutoka chini ya ngazi.

"Nashuka."

"Na hivyo ndivyo ulivyosema mara ya kwanza."

Glenys anafunga mikate ya watu wawili. Mmoja wa Raymond, mwingine wa yeyote atakayekuwa amesahau chakula nyumbani. Amefanya hivyo miaka yote ya ndoa yao, na hajawahi kuuliza huo wa pili unaliwa na nani.

Raymond ana umri wa miaka 68. Ni fundi wa kutega, yaani kuandaa na kurekebisha, presi, zile mashine kubwa kama nyumba zinazokandamiza bati tambarare likatoka limekuwa mlango wa gari. Alianza akiwa na miaka kumi na sita. Leo presi yake itaendeshwa na mtu mwingine mbele ya wageni, naye ataruhusiwa kusimama nyuma ya mstari wa njano na kutazama tu.

"Sijalala vizuri wiki tatu," ananiambia akivaa koti. "Glenys anafikiri ni mgongo. Mwache afikiri ni mgongo."

Karakana ya Orme na Wanawe, nyuma ya mfereji hapa Smethwick, Uingereza, ina wafanyakazi arobaini na mmoja. Oda kubwa ya mwisho inaisha mwezi wa tatu. Baada ya hapo hakuna kitu, isipokuwa kampuni moja ya Uholanzi inayotengeneza magari madogo ya mizigo ya umeme ikubali kununua paneli za milango hapa.

Masharti yao ni mawili. La kwanza, paneli mia tatu mfululizo bila ufa hata mmoja. La pili ndilo lililomnyima Raymond usingizi: asiendeshe yeye. Aendeshe mtu mwingine, kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyotundikwa kwenye mashine, ambayo kila hatua imeandikwa.

"Waliniuliza swali moja tu," anasema Philippa Orme, mkuu wa karakana, ambaye babu yake ndiye aliyeianzisha. "Huyu mzee akiumwa kesho, nani atatega? Ilikuwa kama kuulizwa jina la mwanangu nikalisahau."

Basi Raymond aliambiwa aandike. Aliandika kwa wiki tatu, kwa penseli, akifuta na kuandika tena, mpaka ikatimia mistari kumi na minne. Chini yake akaweka sahihi. Sukhvinder Bains, mwanamke wa miaka 41 ambaye amekuwa fundi wa presi ya jirani kwa miaka saba, naye akaweka sahihi yake, kwa kuwa yeye ndiye angeendesha.

Sukhvinder hakujua kwamba karatasi ile ina pengo.

Kuelewa kwa nini fundi mzima, mwenye mikono ya kuaminika, aache pengo kwenye karatasi inayoshika riziki za watu arobaini na mmoja, inabidi kurudi miaka ya sabini.

Wakati huo Raymond alikuwa kijana kwenye kiwanda cha magari cha Alderley. Kilikuwa na watu elfu sita. Asubuhi, anasema, baiskeli na mabasi yalijaa barabara mpaka maziwa yalichelewa kufika madukani.

Kila fundi mtegaji pale alikuwa na kijitabu cheusi kwenye mfuko wa nyuma. Ndani yake aliandika siri za kila kalibu, yaani lile umbo zito la chuma linalolipa bati sura yake. Iweke juu kiasi gani, mafuta yapake wapi, kona gani ina ukorofi. Kijitabu hicho hakuonyeshwa mtu. Mke hakukiona. Zamu ya usiku haikukiona.

"Ofisini kulikuwa na jamaa wa saa," Raymond anasema. "Anakuja nyuma yako na saa ya kupimia mkononi. Akiona umepata njia ya kufanya paneli mia kwa saa badala ya themanini, kesho yake bei ya kila paneli inashuka. Unafanya kazi zaidi kwa hela ile ile. Kwa hiyo ukipata akili, unaificha. Tulifundishwa kuficha kabla ya kufundishwa kazi."

Mwaka 1976 Alderley ilitoa gari dogo lenye mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Watu walilipenda. Ng'ambo walilipenda zaidi, na oda zikaja kwa wingi ambao kiwanda hakijawahi kuuona. Lakini mlango ule wa nyuma ulikuwa unapasuka kona ya chini kushoto, ufa mdogo kama unywele.

Zamu ya mchana haikuwa na tatizo hilo. Horace Dugmore, aliyemfundisha Raymond kazi, alikuwa amegundua kwamba pete inayoshika kingo za bati imezama kidogo upande mmoja. Aliiinua kwa karatasi ya kusokotea sigara. Karatasi moja tu, imekunjwa mara moja, chini ya kona ya pete. Milango ikatoka safi.

Zamu ya usiku iliendelea kupasua. Nyufa zikazibwa, zikapakwa rangi, magari yakauzwa. Baada ya majira mawili ya baridi yakaanza kuvuja na kula kutu. Wateja hawakurudi. Walikwenda kununua magari ya Wajapani, ambayo milango yake haikuvuja.

"Nilimwambia Horace, 'Mzee, tuwaambie wenzetu wa usiku.' Akaniambia, 'Ukiwaambia, kufika Ijumaa jamaa wa saa atakuwa anajua.' Nikanyamaza."

Mara moja hakunyamaza. Alipanda ngazi mpaka ofisi ya wachoraji wa ramani za kalibu, kofia mkononi, kueleza kwamba kalibu imechongwa vibaya. Mtu wa mlangoni alimtazama ovaroli na kumwambia kwamba watu wa presi hutumia mlango wa nyuma, na hata huo ni kwa siku za mshahara. Akashuka. Hakupanda tena.

Alderley ilifungwa akiwa na miaka thelathini na miwili. Mahali pake sasa pana supamaketi na nyumba mpya.

"Watu husema viongozi ndio walioua. Wengine husema vyama vya wafanyakazi. Mimi nilikuwepo pale," anasema, na anatazama mikono yake. "Sisi tulificha, wao hawakuuliza. Hivyo tu. Ilituchukua miaka kumi na miwili kuliua gari zuri."

Saa tatu kamili asubuhi. Ndani ya Orme kuna baridi ya kutoa moshi mdomoni. Vijana wa kupakia wamezima redio bila kuambiwa, kwa sababu wanajua Raymond huisikiliza presi kwa masikio kuliko macho.

Mhandisi wa Kiholanzi, Joost Veldkamp, ni mtu mrefu mwenye maneno machache. Anavua glavu yake kwanza, ndipo anampa Raymond mkono. Kisha anamwonyesha mstari wa njano, na Raymond anarudi nyuma yake kama mtoto aliyepelekwa pembeni.

"Mzee, usiniangalie hivyo," Sukhvinder anasema, akifunga nywele zake vizuri chini ya kofia. "Unanitazama kama mama mkwe."

"Mama mkwe wako angekupigia kelele."

"Wewe je? Mabega yako yanapiga kelele toka saa moja."

Anasukuma hita yake ndogo kwa mguu, hadi ielekee upande aliposimama Raymond. Halafu anabonyeza vitufe viwili vya kijani, na presi inashuka.

Kila pigo linatikisa sakafu. Paneli inatoka, inapelekwa chini ya taa nyeupe, Veldkamp anaipitisha kidole kwenye kona, anatikisa kichwa kukubali. Kumi. Thelathini. Sabini.

Raymond anahesabu na saa ya ukutani. Analolijua yeye peke yake ni hili: kalibu hii nayo ina kona iliyozama, chini kushoto, na chini ya kona hiyo sasa hivi ipo karatasi ya sigara. Ameiweka saa kumi na mbili kabla ya watu kufika, kama alivyoiweka kila asubuhi kwa miaka saba. Haidumu. Ikipigwa mara mia moja na kidogo, inalowa mafuta na kuchanika.

Siku zote huibadilisha kila apatapo upenyo, na ulio rahisi zaidi ni wa saa nne, wakati wa chai, kila mtu akiwa kantini. Na leo alikuwa amepiga hesabu yake. Presi hii hutoa paneli mia kwa saa. Saa nne ingemkuta kwenye mia. Angepitisha mkono, nusu dakika, hakuna ambaye angejua.

Lakini hesabu hiyo ni ya kasi yake yeye. Sukhvinder ni mwepesi kuliko yeye.

"Hilo sikulitegemea," anasema. "Kufika saa tatu na dakika arobaini alikuwa na tisini na tano. Jasho likaanza kunitoka. Mwanamke anafanya kazi kwa uzuri hivyo, na mimi ninamwomba Mungu apunguze mwendo."

Paneli ya mia moja na kumi na mbili inapelekwa chini ya taa. Kidole cha Veldkamp kinapita kwenye kona, kinarudi, kinasimama.

"Ufa," anasema.

Sukhvinder anazima presi. Anachukua karatasi ya maelekezo na kuanza kukagua kutoka juu, mstari baada ya mstari, akigusa kila kitu kwa mkono. Shinikizo, sawa. Mafuta, sawa. Urefu, sawa. Yote kumi na minne ni sawa. Anaanza tena. Shingo yake imekuwa nyekundu.

Kengele ya chai inalia.

Philippa anawaongoza wageni ofisini kwake. Akipita karibu na Raymond anapunguza sauti. "Ray, chochote unachofanyaga, kifanye."

Sakafu inabaki tupu. Raymond anavuka mstari wa njano.

Karatasi za sigara zimo mfukoni mwa shati. Hajavuta sigara kwa miaka thelathini na moja, lakini mwenye duka la pembeni bado humpa pakiti kila mwezi bila kuuliza. Anatoa moja, anaikunja mara moja, anapiga goti la kulia lenye maumivu, na mkono wake unaingia chini ya pete.

"Nimekuletea chai, mzee."

Sukhvinder amesimama nyuma yake na vikombe viwili. Kimoja ni cha Raymond, chenye sukari mbili na maziwa mengi, kama anavyopenda. Anaona goti sakafuni. Anaona vidole. Anaona kilichomo vidoleni.

"Ni nini hicho?"

Raymond anakunja kiganja.

"Ni nini hicho, Ray?"

"Karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Kona imezama. Inaiinua."

Sukhvinder anaweka vikombe chini, taratibu sana, kama mtu anayeogopa kuvirusha. "Toka lini?"

"Toka kalibu ije."

"Miaka saba! Miaka saba nakuuliza kwa nini paneli zinapasuka Jumatatu nikiishika presi yako ukiwa likizo. Ukaniambia ni bati baya. Nikawapigia simu watu wa bati, Ray! Nimewagombeza watu wa watu kwenye simu!"

"Najua."

"Na karatasi ile nimeweka sahihi yangu. Jina la baba yangu lile. Nimesimama mbele ya yule bwana nikishika uongo, na wewe umesimama pale unanitazama."

"Ningeiandika wangecheka. Kiwanda kizima kinategemea karatasi ya sigara."

"Wangecheka. Halafu?"

Halafu? Hakuwahi kufika kwenye hiyo halafu, Raymond anasema. Kwa miaka hamsini alikuwa akiishia kwenye kucheka kwao.

"Na ukiwa umeandika kila kitu," anasema kwa sauti ya chini, bado yuko chini, "wanakuhitaji kwa kazi gani?"

Hasira haijamtoka Sukhvinder, lakini anamnyooshea mkono kumwinua, kwa kuwa goti lile analijua. "Inuka. Chai inapoa. Dakika nne zimebaki. Ukitaka kuiweka, iweke, mimi sitasema kitu. Lakini sitabonyeza vitufe vile. Atabonyeza mwingine."

Raymond anashika kikombe. Anakunywa mafunda mawili. Kisha anakwenda, na kikombe chake mkononi na karatasi yake kati ya vidole, mpaka mlango wa ofisi, na kwa mara ya pili maishani mwake anabisha hodi mlango wa aina hiyo.

Philippa anapoiona karatasi uso wake unashuka. Veldkamp anasikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Raymond anaeleza kona, anaeleza miaka saba, anaeleza kwamba mistari ile si kumi na minne. Hamtaji Sukhvinder ila kusema kwamba hakujua.

Hakuna anayecheka.

Veldkamp anaiomba karatasi. Anatoa kipimo cha unene mfukoni, anaibana, anasoma. "Sehemu nne za mia za milimita, ikiwa imekunjwa," anasema. "Ulijuaje?"

"Presi husema."

"Inasemaje?"

Raymond anafikiri. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. "Kona ikiwa chini, pigo linakuwa na mwangwi. Kama mtu anayebisha mlango wa chumba kisicho na fanicha."

Mholanzi anaandika kila neno. Kisha anasema kwamba majaribio ya kwanza hayahesabiwi. Yaanze upya, kutoka moja.

Wanakata ukanda mwembamba wa chuma, unene ule ule, usiolowa wala kuchanika. Sukhvinder anaufunga mwenyewe chini ya pete. Raymond anaandika mstari wa kumi na tano kwa kalamu ya wino, na Sukhvinder anausoma mara mbili kabla ya kuweka sahihi.

"Neno hili ni nini?"

"Kushoto."

"Mwandiko wako, mzee, ni ufa mwingine."

Saa tano na nusu presi inaanza. Sasa Raymond hahesabu na saa. Amefumba macho. Mia moja. Mia moja na kumi, na watu wote karakanani wameacha walichokuwa wakifanya. Mia moja na kumi na mbili inakwenda chini ya taa. Kidole kinapita. Kinaendelea. Mia moja na hamsini. Mia mbili. Saa nane kasoro dakika kumi ya mia tatu inatoka, na Sukhvinder anaweka mikono yote miwili juu ya chuma cha presi na kuinamisha kichwa.

Nyufa, hakuna. Mbili zimekwaruzwa na vijana wa kupakia, ambao sasa hawajui pa kutazama.

Lakini Veldkamp hatoi jibu. "Saa tatu asubuhi mlinipa karatasi isiyo ya kweli," anamwambia Philippa, Raymond akisikia. "Nitaandika hivyo kwenye ripoti. Nitaandika pia nani aliniambia ukweli, na saa ngapi." Anataka kalibu zote tisa za karakana ziandikwe, kila moja na ukorofi wake. Jibu litatoka baada ya siku kumi.

Akiondoka anasimama kwa Raymond. "Bwana Yarnold, hiyo ya chumba kisicho na fanicha. Nataka watu wangu waisikie."

Raymond analipwa pauni kumi na nne na peni sitini kwa saa. Pensheni ya Alderley ilikatwa kiwanda kilipokufa, na haitoshi kupasha nyumba joto majira yote ya baridi. Siku kumi hizi ni ndefu kwake kama kwa wale wengine arobaini. Pengine ukweli wake ndio utakaowafungia mlango. Analijua hilo, na Philippa bado hajamsemesha zaidi ya salamu.

Ila Jumanne jioni Sukhvinder alifika nyumbani kwake bila kualikwa, na daftari jipya na bakuli la dengu kutoka kwa mama yake. Alikuwa bado amenuna kidogo. Glenys alimpokea koti, akamsogezea kiti cha karibu na jiko, kisha akaenda kukaa sebuleni ili wasione aibu mbele yake.

Raymond alikiweka mezani kijitabu chake cheusi, desturi ya Alderley ambayo hakuiacha alipohamia Orme. Kilikaa pale hakijafunguliwa mpaka chai ikaisha.

"Basi?" Sukhvinder akasema. "Kinauma?"

"Funga mdomo uandike."

Waliandika saa mbili na nusu. Walibishana, mara Glenys akasikia wanacheka. Kalibu ya boneti peke yake ilikula kurasa tatu, kwa sababu Sukhvinder alikuwa akiuliza "kwa nini" kila mstari, na Raymond ilibidi azitafute sababu ambazo mikono yake ilizijua lakini mdomo wake haujawahi kuzisema.

Anachotumaini sasa, anasema, si kikubwa. Oda ije. Na siku moja ya Jumatatu, yeye akiwa likizo na Glenys ufukweni, paneli zitoke safi na simu yake isilie.

Sukhvinder alipoinuka kuondoka zilikuwa zimekwisha kalibu mbili kati ya tisa. Raymond alimfuata mpaka barazani bila viatu, kwenye baridi, akamshikia lango.

"Alhamisi utakuja?"

"Alhamisi nina mkutano shuleni kwa watoto."

"Ijumaa basi. Njoo mapema, mwanangu. Njoo na maswali yako yote."